Herufi Niliyoirudisha

Nilisikia funguo kabla ya kumwona mwenye funguo. Nilikuwa nimesimama kwenye veranda ya ofisi ya shule, nje kidogo ya mji wa Migori, asubuhi yangu ya kwanza kazini, na nyuma ya ukuta kitu kilikuwa kikilia cheng, cheng, cheng, kikija polepole. Kufuli likabana. Mlango ukavutwa mara mbili, ngu, ngu. Kisha kimya. Ndipo akatokea kwenye kona mwanamume mrefu aliyevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa limeshawaka. Akanitazama kuanzia viatuni kwenda juu, kama mtu anayepokea gunia na kutafuta palipotoboka.

"Wewe ndiye mashine?" akauliza.

"Mimi ndiye karani wa kuchapa, baba."

"Ni sawa. Mashine iko ndani. Imekungoja mpaka imeota kutu."

Huyo ndiye Mwita, mtunza stoo. Yeye alikuwa Mkuria wa upande wa Isebania na mimi ni Mjaluo wa karibu na Asumbi, kwa hiyo tangu siku ile tuliongea Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa namna ya kwao. Baadaye nilimwuliza kwa nini anauvuta mlango mara mbili akishaufunga. Akasema, "Ya kwanza ni ya mwizi. Ya pili ni yangu, nipate usingizi."

Ninawaandikia ninyi wawili mliobaki na meza yangu. Siku ya kuniaga mliniomba niwaachie mambo ya kazi, na najua mlitaka mambo ya mafaili na ya wazazi wanaoingia ofisini wakiwa wamekunja uso. Hayo nitayagusa. Vyeo na mshahara sitavitaja. Viko kwenye faili langu, droo ya tatu, na nina hakika mmeshalisoma. Lakini kuna jambo moja ambalo halimo katika faili lolote, na nisipoliandika nitakuwa nimestaafu mwili tu.

Kuchapa nilijifunzia Homa Bay, kwa Mwalimu Nashon. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi aliyekodi chumba juu ya duka la nyavu, mahali ambapo ukifungua dirisha unapata ziwa lote na harufu yake yote. Alikuwa na mashine nne za taipu na wanafunzi watano, kwa hiyo siku zote mmoja wetu alikuwa anafagia. Watu walimletea barua za kila aina: maombi ya kazi, ugomvi wa mipaka ya mashamba, mialiko ya harambee, mpaka barua za mapenzi, ambazo aliziita maombi ya kazi pia. Sisi tulichapa, yeye alitembea nyuma yetu na rula. Hakuwahi kutupiga nayo. Aliiweka chini ya mstari wenye kosa, akasubiri. Kusubiri kwake kuliuma kuliko kiboko.

Alitufundisha kuchokonoa herufi kwa pini zikijaa wino, hasa "e" na "a", maana hizo zina tumbo. Alitufundisha kuingiza karatasi ya kaboni bila kuikunja, na kupiga nukta kwa upole isije ikatoboa ukurasa. Lakini somo lake kubwa lilikuwa juu ya ile "a" ndogo ambayo Mwingereza huiweka mbele ya jina la kitu.

"Kijaluo hakina hii," alisema. "Kiswahili hakina. Kikuria hakina. Mzungu anaitanguliza kama mtu anayepiga hodi. Sisi tunaingia bila hodi. Kwa hiyo kila barua itakayopanda ngazi hizi itakuwa imeziangusha hizo 'a' njiani, kama mwanamke aliyebeba omena, vile vidagaa vyetu, kwenye kikapu kilichotoboka. Kazi yenu ni kurudi nyuma na kuokota."

Siku moja alikuja mwanamume mwenye ugomvi na kaka yake. Alikuwa ameandika kwa mkono, kwa Kiingereza, akimlalamikia chifu: kaka yangu ameniweka "in bad light". Mwalimu Nashon alicheka mpaka akavua miwani.

"Huyu kaka yake amemkalisha mahali penye mwanga hafifu," alituambia. "Hahitaji chifu. Anahitaji koroboi." Halafu akaiweka rula chini ya mstari na kutueleza. Ukisema mtu ameonyeshwa "in a bad light", na hiyo "a" ikiwemo, umesema amechafuliwa jina, amepakwa matope mbele za watu. Ukiiondoa "a", ikabaki "in bad light", umesema tu kwamba taa haikutosha. "Wa kwanza amepakwa matope," alisema. "Wa pili amekaa gizani, hata kama ana matope hayaonekani." Wengine, aliongeza, huandika "on a bad light", na huyo ni ndege aliyetua juu ya balbu.

Mnisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo kazi ilipo. Mwalimu Nashon alijua kosa liko wapi, na bado hakulisahihisha. Alichungulia dirishani akamwita yule mtu aliyekuwa akingoja chini.

"Omera, ndugu yangu! Kaka yako amekufanya nini hasa?"

"Ameambia watu mimi ni mchawi!"

"Haya. Basi tunaweka 'a'."

Akatugeukia. "Herufi ni zenu, lakini maana ni ya mwenye barua. Kabla hujaokota, uliza kama kweli imeanguka."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari mara mbili. Daftari ninalo hadi leo. Mstari umenyooka sana.

Miaka yangu ya kwanza shuleni ilikuwa mizuri. Ofisi yangu ilipakana na stoo, na Mwita aliijua kazi yangu kwa masikio. Akipita dirishani alisema, "Leo mashine ina hasira, nani anafukuzwa?" au, "Hiyo ni barua ya sherehe, inacheza." Hakujua Kiingereza zaidi ya salamu, lakini aliniletea utepe mpya wa wino kabla sijauomba, kwa sababu alisikia vyuma vikipiga mahali pakavu. Alikuwa Msabato, mzee wa kanisa kwao. Ijumaa mchana alifunga stoo mapema, akauvuta mlango, ngu, ngu, akachungulia kwangu: "Nyar Asumbi, na wewe funga. Mungu hasomi barua za Ijumaa jioni." Jina hilo, binti wa Asumbi, aliliokota kwa walimu, na kwa ulimi wake wa Kikuria lilitoka limepinda hivi, na mpaka sasa nikiitwa hivyo na mtu anayelitamka sawasawa naona kama amekosea.

Sasa ile habari yenyewe.

Karatasi za mtihani wa majaribio zilikuja kwenye sanduku la bati lililofungwa kwa lakiri, likawekwa stoo. Asubuhi ya Alhamisi lakiri ilikutwa imevunjwa. Funguo za stoo walikuwa nazo watu wawili, Mwalimu Mkuu na Mwita. Na kulikuwa na mtu mmoja aliyepita pale kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, akielekea darasani kusimamia wasichana wanaosoma mapema: Madam Everlyne, mwalimu kijana wa hesabu. Aliona mtu mlangoni pa stoo. Mwalimu Mkuu akamwambia aandike alichokiona.

Aliandika nusu ukurasa, kwa Kiingereza, kwa mkono. Ijumaa nikaikuta karatasi mezani na agizo la kuichapa upesi, kwa sababu siku hiyohiyo Madam Everlyne alikuwa anahamia shule nyingine huko ufukweni Homa Bay. Pikapu iliyobeba godoro na sufuria zake ilikuwa imeshaanza kupiga honi langoni.

Nikachapa. Nikafika kwenye sentensi hii: "I saw Mr. Mwita in bad light at the door of the store."

Mikono yangu ikasimama. Nitawaambia ukweli, nilifurahi. Ilikuwa furaha ya kukutana na mtu wa kwenu mji wa ugenini. Nilimsikia Mwalimu Nashon akicheka mpaka anavua miwani. Nilichukua penseli nyekundu, nikachora ile alama ya kuingiza kitu kilichosahauliwa, juu yake nikaandika "a" ndogo, safi, yenye tumbo zuri. Nikachapa hivyo. Katika maneno yote ya mwalimu wangu nilikumbuka kuokota. Kuuliza hakukunijia.

Nilikimbia na karatasi mpaka langoni. Madam Everlyne aliiweka juu ya boneti ya pikapu, mkoba ukiwa begani, kalamu tayari.

"Kuna makosa, Madam Consolata?"

"Nimesafisha kidogo tu."

"Aki asante. Mimi Kiingereza yangu ni ya hesabu." Akatia sahihi bila kusoma. Nani husoma alichokiandika mwenyewe? Pikapu ikaondoka na vumbi lake, na mimi nikarudi ofisini nikijisikia mtu mwenye faida duniani.

Bodi ilikaa Jumanne. Walikuwa watano, na mwenyekiti alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya kusomea Injili. Mimi niliandika kumbukumbu za mkutano. Mwita alikaa kwenye kiti cha mbao mbele yao, kofia gotini. Alisema alifungua stoo saa kumi na mbili na nusu kama kila siku; kabla ya hapo alikuwa nyumbani kwake, nyuma ya jiko la shule, akiomba na mkewe. Hakusema zaidi, kwa sababu hakukuwa na zaidi.

Mwenyekiti akasoma karatasi ya Madam Everlyne. Akafika pale, akaacha. Akarudia.

"'In a bad light.' Madam Consolata, hapa wewe ndiye mtu wa lugha. Hii inamaanisha nini?"

Niliweka kalamu chini. Nilieleza vizuri. Nimeyasikia maneno yangu mwenyewe mara nyingi tangu siku ile, na kila mara nakuta hayana kosa la sarufi.

"Ni usemi wa Kiingereza, mwenyekiti. Si habari ya taa. Mtu akionekana hivyo, ameonekana kwa ubaya. Katika jambo lisilofaa."

"Si habari ya taa," akarudia, akaandika.

Mjumbe mmoja akasema, "Yaani Madam Everlyne alikuwa anamsitiri tu. Hakutaka kutaja lenyewe."

"Mtu wa hesabu haongezi neno bure," akasema mwingine.

Mwita akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Madam Everlyne mwenyewe aliniambia, pale jikoni. Alisema, 'Mzee, mimi niliona mtu, kwa urefu nikadhani ni wewe, lakini mvua ilikuwa imefunga na stima imepotea, sikuona vizuri.' Mwulizeni."

"Amehama, mzee," akasema mwenyekiti, kwa huzuni ya kweli. "Lakini ameacha karatasi."

Mwita aliitazama ile karatasi mkononi mwa mwenyekiti. Halafu akanitazama mimi. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo ninaloamka nalo.

"Imechapwa na Consolata?" akauliza.

"Ndiyo."

"Basi mimi siwezi kubishana nayo," akasema. "Huyu hakosei."

Kesho yake alirudisha funguo. Aliziweka mezani pangu mmoja mmoja na kunitajia kila mlango, ule wa unga, ule wa magodoro, ule wa chumba cha vitabu unaohitaji kuinuliwa kidogo ndipo ufunguke. Aliomba barua ya tabia njema, apeleke kwao. Nikaagizwa nimchapie mistari miwili kwamba ameondolewa kwa kukosa uaminifu. Nilichapa bila kosa. Alikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa koti la mvua. Baadaye nilisikia kwamba nakala yake ilifika kanisani kwao, sijui kwa mkono wa nani, ikasomwa, na Mwita akaondoka kwenye benchi la wazee akaenda kukaa nyuma, karibu na mlango. Nilisikitika. Lakini nilijiambia karatasi imesema, nami sikuwa nimeongeza kitu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia: sikuongeza kitu.

Nani alivunja lakiri hatujajua hadi leo.

Miaka ikaenda. Mashine ya taipu ikapelekwa stoo, kompyuta ikaja, na sasa kosa linapigiwa mstari wa rangi kabla hujamaliza kulitenda. Hata kompyuta haiulizi, muangalie. Niliwafundisha ninyi mengine: mzazi akija na hasira mpe kiti kwanza, hasira haikai vizuri, barua ya msiba ichapwe siku ileile, jina la mtu lisomwe kwa sauti mbele ya mwenye jina. Mliniona mkali kwenye hilo la kusoma kwa sauti. Sikuwaambia kwa nini, maana wakati huo hata mimi nilidhani ni tabia tu niliyozeeka nayo.

Mwaka wangu wa mwisho kazini Mwalimu Nashon alifariki, nikaenda Homa Bay kumzika. Kwenye foleni ya chakula mwanamke mnene mwenye miwani alinishika bega. Kumbe ni Madam Everlyne. Alikuwa anafundisha karibu na kwa marehemu na alikuja na kwaya. Tulishikana, tukacheka kidogo kama watu wanavyocheka matangani, halafu akauliza, "Na yule mzee wa stoo, Mwita? Bado anavuta milango?"

"Kwani hukusikia? Aliachishwa kazi. Ule mwaka uliohama wewe."

"Kwa nini jamani?"

"Kwa ushahidi wako."

Aliweka sahani chini. "Ushahidi upi? Mimi niliandika sikumwona vizuri! Niliandika kabisa, kwa Kiingereza, mwanga ulikuwa mbaya. 'In bad light.' Stima ilikuwa imepotea, Consolata. Ilikuwa giza."

Watu walikuwa wakiimba, na nilikuwa nahesabu herufi.

Jumatatu nilifungua kabati la zamani, lile mnaloliita kaburi. Nilipata faili la Mwita saa nne. Karatasi ya mkono ya Madam Everlyne ilikuwa bado imebanwa nyuma ya ile iliyochapwa, pini ikiwa imeacha alama ya kutu mithili ya tone la chai. Na pale, katikati ya "in" na "bad", ilisimama "a" yangu. Wino wa kila kitu ulikuwa umefifia lakini penseli nyekundu haikuwa imefifia hata kidogo. Haikuzidi punje ya mtama. Niliigusa kwa kidole kuona kama itatoka.

Mwalimu Mkuu wa sasa, ambaye wakati ule alikuwa bado mwanafunzi mahali fulani, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Madam, mzee huyo ameshapita umri wa kazi. Tutamrudishia nini?"

"Jina," nikasema.

Alifikiri, akasema niandike. Niliandika barua kwamba ushahidi uliosomwa mbele ya bodi ulikuwa na kosa la mchapaji, na kwamba shahidi hakuwahi kusema alimwona Mwita akifanya ubaya wowote. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi nilichapa neno "mchapaji" na kuweka jina langu mbele yake. Akatia sahihi na muhuri.

Nilikwenda Isebania siku ya Alhamisi, wiki yangu ya mwisho kazini. Malori yalikuwa yamejipanga kuelekea mpakani, na wabadilishaji pesa waliniita mama, wakidhani naenda Sirare, ng'ambo ya pili. Nyumbani kwa Mwita ni mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka barabarani. Mkewe, Robi, alikuwa uani akianika mtama. Alinitambua kabla sijajitambulisha.

"Ni yule wa mashine," akasema kwa sauti, akielekeza maneno ndani ya nyumba. Kwangu akasema tu, "Pita."

Mwita alikuwa amekaa sebuleni, koti la mvua limetundikwa nyuma yake. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu mweupe. Alinyoosha mkono mahali ambapo sikuwapo.

"Nyar Asumbi," akasema, kwa ule upinde wake. "Nisamehe, siku hizi kila mtu namwona vibaya."

Alicheka mwenyewe. Mimi sikuweza.

Nilimweleza. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yakapotea yote, nikabaki na karatasi mbili. Akaomba nimsomee. Nikasoma ile aliyoandika Madam Everlyne, nikamfafanulia kwa Kiswahili: nilimwona katika mwanga hafifu. Kisha nikasoma niliyochapa mimi, nikafafanua hiyo pia.

"Tofauti ni nini hapo kwa Kiingereza?" akauliza. "Mimi nimesikia kitu kimoja."

"Ni 'a', baba. Herufi moja. Ya kwanza haina, ya pili inayo... niliiweka mimi. Nilidhani imeanguka."

"Isome tena. Polepole."

Nikasoma tena. Alielekeza sikio, yule mtu aliyeweza kujua kwa sikio kwamba wino umekauka.

"Haisikiki," akasema.

"Inatamkwa kidogo sana, baba. Karibu haisikiki."

"Miaka kumi na saba," akasema Mwita, "na haisikiki."

Robi alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina vumbi la mtama. "Ile ya kwanza ilisomwa kanisani," akasema. "Watu walijaa mpaka madirishani. Hii itasomewa nani? Walioisikia ile, nusu tumeshawazika."

"Mama, nitaisoma mimi," nikasema. "Sabato hii. Nitasimama mbele na kusema kosa ni langu."

"Wewe si Mkatoliki?" akauliza Mwita.

"Nitakuja, baba."

Nje lori lilibadilisha gia kule barabarani. Akanyoosha mkono, nikampa barua yenye muhuri, akaipapasa pembe zote nne kabla ya kuikunja.

"Hapana," akasema. "Asome Robi. Ukisoma wewe watakuuliza maana yake, na itabidi ueleze." Akainua uso wake kuelekea sauti yangu ilipokuwa imetokea. "Siku ile ulieleza vizuri sana."

Hakulisema kwa ukali. Lilikuwa neno la mtu aliyekihifadhi kitu mahali pake na kukitoa kikiwa kamili. Nilisema pole, kwa Kiswahili, halafu nikaisema kwa Kijaluo, kwa sababu ya kwanza ilionekana ndogo. Akaitikia kwa kichwa zote mbili. Hakusema amenisamehe, na ninyi msije mkasimulia kwamba alisema.

Robi alikuwa amesharudi kwenye mtama wake. Mwita alisimama kunisindikiza, mkono mmoja ukifuata ukuta. Alinifungulia, akangoja mpaka akasikia viatu vyangu vimefika kwenye changarawe. Kisha mlango ukafungwa nyuma yangu. Nilisimama, nikingoja. Ulivutwa mara moja, halafu, baada ya kitambo, mara ya pili.